Sauti ya Dereva: Binadamu na Kazi ya Pamoja Ndani ya Ambulensi

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa Pioneer, Eldoret

Bwana Mwenyekiti, Chifu wetu, wazee wa Nyumba Kumi, wahudumu wa afya ya jamii, walimu na wanafunzi wa utabibu, madereva, na ninyi vijana wa bodaboda mliozima pikipiki zenu ili mje kunisikiliza ilhali kila dakika mnayokaa hapa ni abiria mliyempoteza, nimeiona sinia ya mandazi pale mlangoni, na najua hiyo ndiyo itakayoamua urefu wa mhadhara huu, si saa ya Bwana Mwenyekiti.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya ambulensi. Wengine mmekuja mkitarajia niwaonyeshe jinsi ya kufunga jeraha au kunyoosha mfupa. Hayo mtafundishwa siku nyingine na watu wenye subira kuliko mimi. Leo kusudi langu ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba wako wagonjwa wanaoharibikiwa njiani ilhali dawa ilikuwamo garini, ujuzi ulikuwamo, na mtu aliyeiona hatari alikuwamo pia, ila hakusema, au alisema na hakusikika. Wataalamu wana somo zima juu ya jambo hili, na vitabu vyake ni vinene. Kwa lugha ya kawaida ni hivi: jinsi watu wanavyokosea wakiwa pamoja, na jinsi wanavyookoana.

Kwa nini tuzungumze hapa? Mji huu uliozaliwa na shamba nambari 64, ambao wazee bado wanauita Sisibo, na uliotangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, umeketi juu ya barabara kuu itokayo Mombasa hadi Malaba. Malori ya Uganda, Rwanda na Kongo yanatupitia usiku na mchana. Na hospitali ya Moi, ile ambayo sisi sote tunaiita Referral, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya vitanda 60, leo ndiyo inayotegemewa na upande huu wote wa magharibi mwa Kenya. Maana yake ni kwamba ambulensi za huku si za kutoka mtaa huu hadi mtaa ule. Ni safari. Zinatoka Kapenguria, zinatoka Timboroa, zinatoka Lodwar. Watu wawili au watatu wamefungiwa ndani ya kisanduku cha bati pamoja na mgonjwa, saa nzima au saa nyingi, na hakuna wa kumwita. Kilichomo ndani ya gari ni kile walichokipakia, na akili waliyonayo ni ile waliyokuja nayo.

Nina hoja nne. Ya pili ndiyo iliyonileta. Hizo nyingine mnaweza kuzisinzia kidogo, nami sitamwambia mtu.

Hoja ya kwanza: kosa halina mzazi mmoja

Mwanasaikolojia mmoja Mwingereza, James Reason wa Chuo Kikuu cha Manchester, alieleza ajali kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu. Sisi jibini hatulijui sana, tunajua mabati. Chukua bati kuukuu lenye matundu, uliweke juu ya bati jingine kuukuu, na jingine, na jingine. Mvua ikinyesha, tundu la juu linafunikwa na bati la chini yake. Unalala mkavu mwaka mzima ukidhani paa lako ni zima. Halafu usiku mmoja upepo unayasogeza mabati kidogo, matundu yanapangana, na maji yanakudondokea puani. Asubuhi unaamka na kulilaumu bati la chini kabisa, kwa kuwa ndilo ulilolionea tone.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 nchi hii ilishtuka kusikia kwamba katika hospitali kubwa jijini Nairobi mgonjwa amefunguliwa fuvu la kichwa kwa upasuaji uliokuwa wa mgonjwa mwingine. Lebo za majina zilikuwa zimechanganyika. Madaktari walitafuta damu iliyoganda kwenye ubongo wasiione, kwa sababu haikuwapo. Watu walisimamishwa kazi, nasi wengine tulitoa hukumu tukiwa ndani ya matatu. Lakini jiulize: kutoka kitandani hadi chini ya taa za upasuaji, mgonjwa yule alipita mikononi mwa watu wangapi? Kila mmoja alidhani aliyemtangulia ameshauliza jina.

Dawa ya jambo hili imewahi kujaribiwa karibu na sisi. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya vipengele 19 ya kusomwa kwa sauti ndani ya chumba cha upasuaji. Hospitali nane zilichaguliwa duniani. Ziko za Seattle, London na Toronto, na iko ya Ifakara, Tanzania, kule bonde la Kilombero. Matokeo yalichapishwa 2009: ukizijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hawakununua mashine mpya. Walisoma karatasi. Na mojawapo ya mambo yaliyoandikwa katika karatasi hiyo ni kwamba, kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani aseme jina lake na kazi yake. Watu waliofanya kazi pamoja miaka kumi wanaambiwa wajitambulishe! Mara ya kwanza kuisoma nilicheka. Nitaeleza baadaye kwa nini niliacha kucheka.

Hoja ya pili: anayeona hatari si lazima awe mkubwa

Hapa naomba mnivumilie, maana nitajishtaki mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mhudumu mkuu wa zamu katika ambulensi ambayo sitaitaja. Jioni moja ya mvua tuliitwa upande wa Timboroa. Utingo wa lori, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amebanwa kifua kati ya lori na ukingo wa barabara. Mbavu zimevunjika, anapumua kama mbwa aliyekimbia jua kali. Nikamwekea barakoa ya oksijeni, nikaifungua lita 15 kwa dakika, tukaanza safari ya Eldoret. Tulikuwa watatu: mimi, mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kazi, na dereva.

Sasa fanyeni hesabu nami. Mtungi mkubwa wa lita 1,360, ukiwa umejaa, kwa lita 15 kwa dakika, unakupa dakika 90. Zinatosha. Ukiwa robo, unakupa dakika 22. Kutoka Timboroa hadi hapa ni kama kilomita 60, usiku, kwenye ukungu na nyuma ya malori. Dakika 22 zinakufikisha Burnt Forest na kukutupa mbele kidogo. Tena mkumbuke Timboroa ni juu kabisa. Stesheni yake ya reli iko karibu mita 2,740 juu ya bahari. Huko hata hewa yenyewe ni bahili.

Mtungi ulikuwa robo. Mimi sikujua. Dereva alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na desturi ya kukagua gari asubuhi, akazungusha kichwa nyuma na kuiona sindano ya geji. Kwa nini hakuniambia? Asubuhi ileile alikuwa amejaribu kunipa shauri juu ya mgonjwa mwingine, nami nikamjibu mbele ya watu: "Wewe endesha gari. Mgonjwa niachie mimi."

Tulipokaribia Burnt Forest, penye hospitali, akapunguza mwendo. Akaniuliza kupitia kile kidirisha: "Daktari, tutapita tu?" Mimi si daktari, lakini huku kwetu kila anayevaa glavu ni daktari. Nikasikia mtu anayenichelewesha. Nikasema, "Pita!" Akapita. Kilomita chache mbele ule mfuko wa barakoa ukalegea, ukajikunja kama puto la sherehe siku ya pili. Tulichobaki nacho ni mfuko wa kupulizia kwa mkono na hewa ya Mungu. Mimi na mwanafunzi tulipokezana kuubana hadi vidole vikakataa kukunjuka. Kijana alifika akiwa hai, na kwa hilo nayashukuru mapafu yake, kazi yangu haimo.

Tulipokuwa tukiosha gari nilimfuata dereva kwa hasira. Nikamwambia, "Kama uliona, kwa nini hukuniambia?" Akaendelea kusugua sakafu. Akasema, "Nilikuambia, daktari."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni kweli aliniambia. "Tutapita tu?" lilikuwa ndilo onyo lenyewe, ila alilivisha nguo za adabu hadi likafanana na swali.

Na sasa niwapeleke mbali kidogo. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana chini, kwenye njia ya kurukia, penye ukungu. Walikufa watu 583. Rubani wa ndege ya Kiholanzi, mtu mkubwa na maarufu katika shirika lake, alikuwa ameanza kuruka kabla ya kupewa ruhusa. Mhandisi aliyeketi nyuma yake aliingiwa na shaka. Alifanya nini? Aliuliza kama ile ndege nyingine haijaondoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Basi. Ilikuwa "tutapita tu?" ya Kiholanzi. Miaka miwili baadaye, 1979, shirika la anga la Marekani, NASA, liliwakutanisha wataalamu kuchunguza jinsi marubani wanavyofanya kazi pamoja, na kutoka hapo ndipo mafunzo haya yakaanza, kwanza kwa ndege, halafu vyumba vya upasuaji, halafu kwetu sisi wa ambulensi.

Lakini hatuhitaji kwenda hadi Tenerife. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007 ndege yetu wenyewe, Kenya Airways safari ya 507, iliruka kutoka Douala, Kameruni, kuja Nairobi. Giza na mvua. Watu 114. Muda mfupi baada ya kuruka ikaanguka kwenye kinamasi, asipone hata mmoja. Rubani alidhani mtambo wa kuiongoza ndege wenyewe umeshika usukani. Haukuwa umeshika, na ndege ikawa inalala upande wa kulia polepole bila mtu kuigundua. Ripoti ya Kameruni, iliyotoka 2010, ilisema marubani walipoteza mwelekeo gizani, na kwamba kukosekana kwa ushirikiano baina yao kulichangia. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52. Msaidizi wake alikuwa na 23.

Miaka 52 na miaka 23. Mimi sikuwa ndani ya ndege ile, na marehemu hatuwahukumu. Nasema tu kwamba kila niliposoma tarakimu hizo mbili niliyaona malezi yetu. Nani kati yetu hapa, Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu, Mteso, alifundishwa akiwa na miaka 23 kumwambia mtu wa umri wa baba yake, "Unakosea, acha"? Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ni nzuri, nimelea watoto wangu kwayo. Ila ndani ya ambulensi mkuu naye akikataa kusikia la mdogo, guu linalovunjika si la mkuu wala la mdogo. Ni la mgonjwa.

Naiona mikono. Mzee pale mbele ananitazama kwa jicho ambalo nalifahamu. Utasema, mwalimu huyu anawafundisha vijana ujeuri. Mzee wangu, ngoja. Nani hapa hajapanda matatu? Konda ni kijana, pengine mtoto wa dereva. Akiigonga bodi ya gari, dereva anasimama. Akiigonga tena, dereva anaondoka. Umewahi kumsikia dereva akisema, "Wewe ni nani wa kunisimamisha?" Hawezi, kwa sababu anajua konda anauona mlango ambao yeye hauoni. Matatu zetu, pamoja na kelele na utundu wao wote, zimelitatua jambo hili zamani. Dereva hajavunjiwa heshima. Ameazimwa macho.

Kwa hiyo tangu siku ile ya Timboroa nimewafundisha wenzangu maneno matatu, na nawapa ninyi bure. La kwanza ni "naona." Sema unachokiona, bila kuuliza, tena kwa tarakimu kama ipo: "Naona geji iko robo." Asipokusikia, la pili ni "nahofia." Sema kitakachotokea: "Nahofia oksijeni itaisha kabla ya Eldoret." Bado hajasikia? La tatu ni "simama." Hilo halina maelezo. Neno hilo likitamkwa na yeyote, awe dereva, mwanafunzi au mama wa mgonjwa, mikono yote inatulia na tunatazama upya. Ikionekana hapakuwa na hatari, tumepoteza sekunde kumi, na aliyesema anaambiwa asante. Kutoka neno la pili hadi la tatu ni vigumu kuliko mnavyodhani. Nimewaona wanaume wa kifua kipana wakikwama hapo jasho likiwatoka, tena tukiwa tunafanya mazoezi na mdoli.

Na mkubwa naye ana kazi yake. Akiambiwa, arudie alichoambiwa: "Robo. Nimesikia." Asiseme "sawa" tu, maana "sawa" ya Kenya ina maana saba na sita kati yake ni "niache." Halafu kila zamu inapoanza, yeye ndiye atangulie: ataje jina lake, aulize majina yao, na aseme, "Leo nikikosea, niambieni." Ndiyo maana niliacha kuicheka ile karatasi ya Ifakara. Mtu ambaye sauti yake imesikika asubuhi, hata kwa kutaja jina tu, anaipata tena jioni kwa urahisi. Ukimnyamazisha saa mbili asubuhi, usimdai maneno saa mbili usiku.

Hoja ya tatu: mgonjwa huanguka pale anapokabidhiwa

Madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walipotaka kujifunza namna ya kumkabidhi mtoto aliyetoka kupasuliwa moyo, walikwenda kuwatazama mafundi wa Ferrari, wale wanaobadilisha magurudumu ya gari la mashindano kwa sekunde chache. Vizuri. Wangekuja huku tungewaonyesha lililo bora zaidi.

Tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mlitazama wote, hata wale ambao stima ilikatika mkakimbilia kwa jirani. Mlimtazama yeye. Safari nyingine watazameni waweka kasi. Walikuwa 41, kwa zamu, watano mbele na wawili nyuma. Kundi moja linatoka, jingine linaingia, na katikati yao yule mtu habadili hata hatua moja. Hakuna anayemgusa, hakuna anayeuliza "tumefika wapi?" Kila mmoja alijua nafasi yake kabla hajaingia.

Sasa njooni mlango wa hospitali yoyote saa nne usiku. Machela inashuka. Mhudumu wa ambulensi anaongea, muuguzi anatafuta mshipa, daktari anafungua macho ya mgonjwa, ndugu analia, mtu anauliza kadi ya bima, wote kwa wakati mmoja. Dawa aliyopewa mgonjwa njiani imetajwa, lakini imetajwa hewani. Dakika tano baadaye anapewa tena. Tiba ya hili ni nusu dakika ya kunyamaza. Mikono juu, isipokuwa ile inayobana damu au kumpumulisha. Mmoja anasema mambo matano kwa mpangilio uleule kila siku: huyu ni nani, amepatwa na nini na saa ngapi, nimeona nini, nimefanya nini, nahitaji nini kwenu. Anayepokea anarudia. Kisha kelele zirudi.

Na mnyororo huo hauanzi na ambulensi. Hapa Pioneer, pikipiki ikigongwa jioni, nani anafika kwanza? Ninyi. Mnambeba majeruhi katikati ya pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma amemkumbatia, mbio hadi Referral kwa barabara ya Kisumu... Naam, kijana? Sema kwa sauti wasikie. Anasema saa kumi na moja jioni hakuna mwenye akili anayepita barabara kubwa, wao hukata kwa njia za ndani. Asante. Mimi ninayewafundisha mambo ya dharura nimesahihishwa njia na kijana wa koti la manjano, na paa la ukumbi bado liko juu. Mwenyekiti, iandikwe hivyo hivyo.

Nilikuwa nasema: sitawaambia msimsaidie mtu. Lakini mnapomwinua aliyeanguka bila mtu mmoja kukishika kichwa na shingo, mnaweza kumvunja mara ya pili. Na mkimwacha mlangoni na kukimbia kwa kuhofia polisi, mnaondoka na nusu ya matibabu yake, yaani habari. Alikuwa akiongea mlipomkuta? Alitapika? Alivaa kofia? Hayo hayaonekani kwenye picha yoyote ya hospitali.

Majirani zetu wa Tanzania wameliona hili. Katika mpango wao wa m-mama, mama mjamzito akipata dharura, simu hupigwa nambari 115, bila malipo, na ambulensi ikikosekana, kituo kinampigia dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa, naye analipwa kwa safari. Dereva wa teksi amekuwa sehemu ya timu, ana jina kwenye orodha, anajulikana anampeleka nani na wapi, na hospitali inajua anakuja. Neno la mwisho ndilo ninalolihusudu: inajua anakuja. Mwaka 2015, jijini Nairobi, majeruhi wa ajali alizungushwa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akafariki. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, ilikuwa imekwisha kusema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Walioketi naye nyuma ya gari lile walifanya kazi yao. Hawakuwa na wa kumkabidhi.

Hoja ya nne: mwili hauna cheo

Hii ni fupi kwa sababu kila mtu anaijua na hakuna anayeitii. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe kiasi cha asilimia 0.05 katika damu. Kama dereva wa ambulensi angekuja akinuka chang'aa mngempiga mawe. Anapokuja kutoka zamu ya usiku, akaingia ya mchana kwa sababu mwenzake amefiwa, tunamwita shujaa. Njaa nayo inapunguza akili. King'ora nacho kinapunguza akili, ya aliye ndani kuliko ya aliye nje. Mimi nikiwa na njaa huwa mkali, na mmekwisha kusikia ukali wangu ulimgharimu nani pumzi. Siku hizi natembea na ndizi mbili mfukoni. Wanafunzi wangu wananicheka, ila wanakula moja.

Tunakoelekea

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wamepewa mikoba na kazi nchini kote. Baadhi yao mmeketi hapa. Serikali ina sera ya huduma za dharura ya miaka kumi, 2020 hadi 2030, na sheria ya bima ya 2023 imeunda mfuko wa dharura na magonjwa mahututi. Miaka ya sera hiyo inazidi kupungua, na ni juu yetu kuuliza kaunti: kituo cha kupokea simu kiko wapi, nani anashika simu usiku, na je, anazijua njia za ndani za Pioneer?

Sisi tusingojee jibu ndipo tuanze. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, nitakuwa uwanjani hapo nje na machela moja, mdoli mmoja wa kilo sabini na mtungi wa oksijeni ambao geji yake nitaiharibu makusudi. Kila steji ilete watu watatu, na mmoja kati yao awe yule ambaye hapendi kuongea mbele za watu. Wahudumu wa afya ya jamii watapokea. Tutapokezana mdoli kutoka barabarani hadi mlango wa ukumbi huu, wazee watashika saa, na tutarudia hadi lile neno "simama" litoke kinywani mwa kila mmoja bila kupepesa. Mzee, nakuomba wewe ndiwe uwe mkuu wa kwanza wa kuambiwa.

Bwana Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha na mandazi yanapoa. Tupokee maswali. Yule wa koti la manjano alikuwa na jingine tangu nilipotaja mtungi, nilimwona akiinua mkono akaushusha. Anza wewe.